Kupeleka watoto kuona barafu ya Rwenzori kutoka Goma

Ukiwaambia watoto kwamba mnakwenda kuona barafu, waambie siku hiyohiyo kwamba wataiona kwa macho tu, hawataishika. Barafu ya Rwenzori imebaki huko juu kabisa, chini ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109, mpakani mwa Kongo na Uganda. Kuifikia ni safari ya miguu ya karibu wiki nzima kwenda na kurudi, matope hadi magotini, kamba, na meno ya chuma chini ya viatu. Hiyo si kazi ya mtoto wa miaka sita. Familia inalala bondeni, inaamka mapema, inatazama juu. Mkishakubaliana hivyo nyumbani, nusu ya kelele za ndani ya gari imeisha.

Wangu walidhani tayari wameshaiona, kwa sababu kuna asubuhi Karisimbi, volkano ya karibu na kwetu, inaamka nyeupe kichwani. Ile ni mvua ya mawe au theluji ya usiku mmoja, mchana imeshayeyuka. Ya Rwenzori ni theluji iliyolundikana miaka na miaka ikagandamana, na yenyewe inaisha. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipofika kileleni, barafu ilifunika kilomita za mraba zaidi ya 6. Leo haifiki hata moja. Kwa hiyo anayesema atakwenda watoto wakikua, afikirie tena.

Kwa ramani, njia yetu ingekuwa Rutshuru, Kanyabayonga, Butembo, Beni hadi Mutwanga, bila kutoka Kongo. Mutwanga iko mguuni pa mlima wenyewe. Lakini kwa hali ya vita ya miaka hii, barabara ile siipiti na watoto, na sitamshauri mtu. Sisi tulipitia Grande Barrière (kituo cha mpaka wa Goma na Rwanda), Gisenyi, Musanze, mpaka wa Cyanika, halafu Kisoro na Kabale. Uliza kwanza hali ya mipaka wiki ileile ya safari, usitegemee habari za mwezi jana.

Makaratasi: kila mtoto awe na yake ya kusafiria. Halafu kuna kadi mbili za njano, na watu wanazichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya mtu. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA. Ukiambiwa "leta kadi ya njano", toa zote mbili, wachague wenyewe. Na chakula cha njiani usikifunge kwenye sashe: Rwanda imekataza mifuko ya plastiki tangu 2008. Sambaza zetu za kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zilikaa kwenye ndoo yenye kifuniko, jambo ambalo hata pua zetu zilishukuru.

Sasa barabara. Kuanzia Cyanika mnahamia upande wa kushoto wa barabara. Papa wa watoto anaendesha vizuri, lakini usukani wa gari letu uko kushoto, kwa hiyo nyuma ya lori haoni kitu. Anayeona ni aliyekaa mbele kulia, yaani mimi. Kati ya Kisoro na Kabale kona hazihesabiki, barabara inapanda hadi kwenye mianzi ya msitu wa Echuya, na malori ya viazi yanakwenda polepole. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha shingo na kusema: ngoja, ngoja, bado pikipiki, haya pita. Asiyeweza kukaa macho asikae kiti hicho, akae nyuma na watoto. Kwenye mteremko tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, simama ipoe.

Kona hizo hizo ndizo zinazotapisha. Asubuhi wape mkate mkavu na chai ya tangawizi bila maziwa, na simu waziweke chini. Wenye matumbo mepesi wakae pale wanapoona barabara mbele.

Laleni Kabale. Ni baridi, sweta zitoke. Kesho yake mnapita Ntungamo na Ishaka, kisha mnateremka bondeni na joto linawapokea. Kasese iko karibu mita 1,000 tu, chini kuliko Goma, na mbu wapo, kwa hiyo vyandarua si mzigo wa bure. Katunguru mnavuka daraja la Kazinga, maji yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Waonyeshe watoto upande wa kusini-magharibi: ng'ambo ile ni Vitshumbi, ni kwetu.

Kuhusu kuiona barafu yenyewe, lala sehemu za Kasese angalau usiku mbili au tatu. Mawingu ya Rwenzori hayana huruma; yakishapanda, mlima wote unapotea na hutaamini kwamba upo. Nenda miezi ya kiangazi, Januari na Februari au Juni hadi Agosti, na toka nje saa kumi na mbili asubuhi. Usijisogeze sana mlimani, kwa sababu ukiwa chini yake vilima vya mbele vinaziba vilele. Tambarare ndiyo yenye nafasi nzuri. Binti yangu alinyoosha kidole: "Mama, lile wingu mbona halitembei?" Ndiyo ilikuwa barafu. Ukiwa na darubini, hata ya bei ndogo, ibebe. Bila hiyo mtoto mdogo anaona doa jeupe tu, na anauliza chai iko wapi.

Baada ya hapo waende Nyakalengija, mahali wapandaji wanapoanzia, wakaoge miguu mtoni Mubuku. Yale maji yanapokea mto Bujuku unaotoka chini ya vilele vyenyewe. Usiwadanganye kwamba ni barafu tupu: mengi ni mvua, iliyoyeyuka ni sehemu ndogo sana. Lakini ni ya baridi kweli, na watapiga kelele. Mtoto asiachwe peke yake hapo. Mvua ikinyesha juu, mito ya mlima huu hujaa ghafla hata kama chini jua linawaka.

Dola beba mpya zisizokunjamana, na za 100 na 50. Ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini.