Mawingu yanatoka baharini, mvua inaelekea baharini: imekuwaje?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mkulima wa karafuu huku Konde, Pemba. Vuli iliyopita kulikuwa na siku nyingi ambazo hatukuwahi hata kumaliza kutandika karafuu majamvini kabla ya kuanza kuzianua kwa mvua. Kisha anga likawa jeupe kwa muda mrefu, halafu mvua ikarudi tena. Redioni tulisikia kwamba kuna mfumo wa mvua unaotoka Afrika ya Kati na kuelekea mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Sisi, hata hivyo, tunaona kwa macho yetu kwamba wingu linatoka baharini na kwenda bara. Nani tumwamini? Na mfumo huo ukishajulikana, tunaweza kuijua siku ya kuanika?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Macho yenu hayakukosea, wala redio haikukosea, kwa kuwa mnazungumzia vitu viwili tofauti. Ninyi mnalitazama wingu, ambalo huchukuliwa na upepo, na katika ukanda wetu upepo mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Redio ilikuwa inazungumzia eneo kubwa, lenye upana wa maelfu ya kilomita, ambamo hewa inapanda na mawingu yanapata nafasi ya kukua. Eneo hilo husogea kuelekea mashariki hata pale ambapo kila wingu lililomo ndani yake linakwenda magharibi.

Fikirini adhana ya Magharibi. Huanza kusikika nchi za mashariki, ikafika Pemba, ikapita Tanga na Dodoma hadi Kigoma, na hakuna mwadhini hata mmoja aliyeondoka msikitini kwake. Mwendo wa adhana unakwenda magharibi na ule wa mvua unakwenda mashariki, lakini kanuni ni moja: kinachosafiri ni zamu, si watu. Mwaka 1988 mtaalamu wa Japani, Tetsuo Nakazawa, alionyesha jambo hili waziwazi kwa picha za setilaiti. Aliona makundi ya mawingu yenye umri wa siku moja au mbili yakielekea magharibi na kufa, huku makundi mapya yakizaliwa kila mara upande wa mashariki wa yale ya zamani, hata mkusanyiko mzima ukawa unasonga mashariki.

Mifumo ya namna hii iliyo muhimu kwetu ni miwili. Wa kwanza, ambao ni mwepesi, ni wimbi la hewa liitwalo wimbi la Kelvin. Mjapani mwingine, Taroh Matsuno, alionyesha kwa hesabu mwaka 1966 jinsi wimbi la aina hii linavyoweza kukaa juu ya ikweta. Kwa sababu ya mzunguko wa dunia, upepo unaovuma kuelekea mashariki hupindishwa kulia kaskazini mwa ikweta na kushoto kusini mwake, yaani pande zote mbili husukumwa kurudi kwenye ikweta. Hivyo mgandamizo wa hewa uliozidi hapo hautawanyiki kwenda kwenye ncha za dunia, na wimbi hubaki limeshikwa kwenye ikweta likisafiri mashariki peke yake. Likiwa limebeba mawingu ya mvua, wimbi hilo huenda mita 15 hadi 20 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka Kinshasa hadi kwetu halichukui zaidi ya siku mbili hivi.

Wa pili ni mzito na wa polepole, nao ndio unaofanana zaidi na hali mliyoieleza ya mvua ndefu, ukavu mrefu, kisha mvua tena. Uligunduliwa na Wamarekani Roland Madden na Paul Julian, waliochapisha matokeo yao mwaka 1971 baada ya kuchambua kumbukumbu za upepo na mgandamizo wa hewa za karibu miaka kumi kutoka kisiwa cha Canton katika Pasifiki. Mfumo huu, uitwao mzunguko wa Madden na Julian, huenda takriban mita 5 kwa sekunde, na hurudia baada ya siku 30 hadi 60. Mawingu yake hupata nguvu zaidi juu ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi, na nyuma yake hufuata eneo ambalo hewa inashuka na mvua inapungua.

Hapa naomba msomaji wa visiwani awe makini, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotoka. Tukisikia mafuriko nyanda za juu za Kenya, huwa tunadhani kesho ni zamu yetu, na si lazima iwe hivyo. Nyanda za juu hupata mvua nyingi zaidi pale sehemu yenye mawingu ya mzunguko wa Madden na Julian inapopita Afrika na Bahari ya Hindi, na upepo wa magharibi ukaongezeka. Mwambao hunufaika zaidi katika kipindi kingine cha mzunguko huo huo, pale upepo wa mashariki unapoongezeka na kuleta unyevu kutoka baharini, ambao ndio huo mnaouona Konde.

Tena mzunguko huu hugawa mvua ndani ya msimu tu. Wingi wa Vuli nzima hutegemea zaidi joto la bahari. Vuli ya 2019 ilikuwa na mvua nyingi mno Afrika Mashariki kwa kuwa maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko yale ya mashariki yake.

Ama kuhusu kuanika, mzunguko wa Madden na Julian huweza kutabiriwa wiki mbili au zaidi kabla, lakini unachotoa ni uwezekano tu: kipindi fulani kinaelekea kuwa kikavu au cha mvua. Hilo linafaa katika kupanga ni lini muwaite wachumaji wengi na ni lini muchume kidogo kidogo, kwani karafuu zikishachumwa huhitaji siku kadhaa za jua, na zikichelewa kukauka huota ukungu na kupauka. Kwa uamuzi wa kutandika majamvi asubuhi ya leo, shikeni utabiri wa saa 24 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na endeleeni kulitazama wingu la upande wa bahari kama mlivyozoea.