Kufupisha muda wa kulalamikia elimu maalumu

Dada yangu, nimeelewa kwamba jimbo lenu huko Marekani linataka kufupisha muda wa kuomba usikilizwaji wa shauri la elimu maalumu ili kuokoa fedha, nawe bado unajadiliana na shule kuhusu mwanao.

Sheria ya IDEA, yaani sheria ya Marekani nzima kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu, humpa mzazi miaka 2 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu kosa, lakini huruhusu jimbo kuweka muda wake. Waeleze wabunge wenu kwamba muda mfupi huondoa madai ya zamani, ila huwalazimisha wazazi kufungua mashauri kabla mazungumzo hayajakamilika, na mashauri hugharimu fedha za mawakili na za afisa anayeyasikiliza. Naona hasara hiyo haihesabiwi ipasavyo.

Usisubiri mjadala wao: tunza barua zote zenye tarehe, kisha umwone wakili mapema, kwa maana malalamiko ya maandishi kwa idara ya elimu ya jimbo, ambayo ni njia tofauti na usikilizwaji wa shauri, yana ukomo wa mwaka 1 tu.