Maswali ya wasomaji: miguu inapofura

SWALI: Assalamu alaykum. Ni mama wa miaka 46, wa Wete. Msimu wa karafuu huketi mkekani kuchambua tangu baada ya chakula cha usiku mpaka saa tano. Nikisimama miguu imefura, viatu haviingii, asubuhi imenywea. Jirani ananambia nipunguze maji ya kunywa na ninywe choya, yale maji ya maua mekundu ya rosela. Ni sawa?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Uvimbe wa miguu yote miwili, unaokuja jioni na kunywea asubuhi, kwa kawaida chanzo chake ni mkao. Damu hushuka miguuni bila taabu, lakini kupanda inataka msukumo, na msukumo huo hutoka kwenye mashavu ya miguu yanapokaza na kulegea unapotembea. Ukikunja miguu saa tatu nzima msukumo unakoma, tena mishipa imebanwa magotini. Maji huvuja kutoka kwenye mishipa midogo yakatulia vifundoni. Jipime: bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa ugoko kwa sekunde 10. Kikibaki kishimo, hayo ni maji.

Basi anza na mkao. Acha mkeka, keti kwenye kiti, ungo uwe mezani au mapajani. Kila nusu saa simama, zunguka uwani dakika 3, au nyanyua visigino na kuvishusha mara 20. Ukimaliza kazi, lala chali na uipandishe miguu juu ya mito mpaka iwe juu kuliko moyo, dakika 20 hadi 30. Wengi hukosea hapa: hukaa kitini na kuweka miguu juu ya kigoda. Hapo miguu bado iko chini ya moyo, na nafuu yake ni ndogo. Mto nao ushike mashavu ya miguu mpaka visiginoni. Ukiwa chini ya magoti peke yake unaweza kubana mishipa ileile.

La pili ni chumvi, maana ilipo chumvi maji hubaki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula. Kwetu kiasi hicho hupitwa mapema: papa mkavu, ng'onda, achari, embe mbichi na chumvi, na vile vidonge vya kutia mchuzini ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, ingawa ulimi hauioni. Papa mkavu muoshe, mroweke kwenye maji baridi usiku kucha ukibadilisha maji mara mbili, kisha mchemshe na maji hayo yamwage. Mchuzi wake usiutie chumvi kabla ya kuonja. Utaona chakula kimepooza kwa wiki mbili tatu, halafu ulimi huzoea. Ndimu, ukwaju, mbirimbi, thomu na tangawizi vitakusaidia kuvuka siku hizo.

Ndizi, viazi vitamu, mchicha, maharage na madafu vina potasiamu, inayosaidia figo kutoa chumvi. Lakini mwenye maradhi ya figo, au anayemeza dawa za presha au moyo kama enalapril, losartan au spironolactone, amuulize daktari kwanza, kwani potasiamu ikizidi hudhuru moyo.

Maji usipunguze. Mwili wenye kiu hushikilia maji na kubana mkojo. Wa kupunguza ni yule aliyeambiwa na daktari wake kwa sababu ya moyo au figo. Choya huongeza mkojo kidogo na huweza kuteremsha presha. Kikombe kimoja kwa siku bila sukari si vibaya, ila haitaondoa kilicholetwa na mkao. Mjamzito aiache, na anayemeza dawa za presha amwambie daktari.

Haya usiyatibu nyumbani: uso kufura asubuhi na mkojo kutoa povu, pumzi kukatika ukilala chali, uzito kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, na mjamzito aliyepita wiki 20 anayefura huku kichwa kinamuuma sana au macho yana ukungu. Huyu wa mwisho apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Nina miaka 61, nipo Ng'ambo, Unguja. Tangu nianze dawa ya presha, amlodipine ya miligramu 10, vifundo vimefura. Chumvi nimeacha, hakuna tofauti. Ninunue vidonge vya kukojoza?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Usinunue. Dawa hiyo hutanua mishipa inayoleta damu kuliko inayoirudisha, kwa hiyo maji huvuja miguuni hata kama mwili haukuzidiwa na chumvi. Ndiyo maana kuacha chumvi hakukuonesha kitu miguuni, na vidonge vya kukojoza navyo husaidia kidogo sana. Vitakutoa potasiamu tu. Bado chumvi iache, kwa ajili ya presha. Wala dawa usiikatishe mwenyewe, presha itaruka. Rudi kliniki: daktari anaweza kushusha dozi hadi miligramu 5, kubadilisha, au kuongeza dawa ya kundi jingine. Mwambie pia kama unameza diclofenac au ibuprofen kwa maumivu ya viungo, kwani hizo hushikilia chumvi na kupandisha presha.

SWALI: Mjomba wangu wa Makunduchi amefura mguu mmoja, miaka sasa, na ngozi imekuwa ngumu. Tumpe dawa gani ya asili?

JIBU: Mguu mmoja si habari ya chumvi. Ungekuwa umefura ghafla, una joto na unauma, tungesema aende hospitali leo, kwa hofu ya damu kuganda ndani ya mshipa. Huu wa miaka unafanana na matende, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu wa vyooni na mitaroni. Makunduchi ndipo mwaka 1988 vyoo vya shimo vilipotiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, mbu wasipate pa kuzaliana. Mpelekeni akapimwe. Nyumbani aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe vizuri hasa baina ya vidole, aunyanyue akilala, na kila mkwaruzo autibu siku hiyohiyo. Kila vijidudu vinapoingia kwenye jeraha na mguu kupata homa, uvimbe huongezeka na haurudi ulipokuwa. Asiukande kwa maji ya moto wala asichanjwe chale.