Nilimpata mbuzi, bi harusi nikamkosa

Kazi yangu ya kwanza na lenzi ya kufokasi kwa mkono ilikuwa sendofu moja Dar es Salaam. Ikafika zamu ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Bi harusi mtarajiwa kasimama nyuma ya mbuzi, kisu mkononi, ukumbi mzima vigelegele. Nikapiga picha kumi na tano. Kufika nyumbani, kuzifungua kwenye kompyuta: mbuzi safi kabisa, hata mishipa ya majani yaliyo mdomoni mwake unaihesabu. Bi harusi, moshi mtupu.

Lenzi haikuwa na kosa. Ni ya Kichina, milimita 50, f/1.2 (namba ya f hupima tundu la kuingizia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), chuma na vioo tu, haina mota, ndiyo maana hata mimi niliimudu bei yake. Naitumia kwenye kamera ya Sony a6000. Ile lenzi niliyoanza nayo, ya milimita 16 hadi 50, ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6. Ukilinganisha na hiyo, f/1.2 inaingiza mwanga kama mara 20 zaidi. Pale ambapo ya kwanza ilidai ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 6400, hii inatosheka na 320 hivi. Ukishaonja hilo kwenye ukumbi wenye taa hafifu, unafungua tundu hadi mwisho na kulisahau hapo hapo. Ndivyo nilivyoponzeka.

Sasa piga hesabu nami, mdogo wangu. Kwa kamera yenye sensa (kile kibamba kinachopokea picha) ya saizi ya APS-C kama yangu, ukimsimamia mtu mita 1.5, kwenye f/1.2 unapata kama sentimita 4 tu, mbele hadi nyuma, zilizo kali. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho moja limo na la pili limetoka. Bana tundu hadi f/2.8, unapata kama sentimita 10. Mbuzi na bi harusi walipishana zaidi ya nusu mita. Ningerudi nyuma hadi mita 3 na kubana f/5.6, ningekuwa na karibu sentimita 80 za kuchezea, na wote wawili wangeingia. Siku hizi f/1.2 naitoa kwa mtu mmoja aliyetulia, taa zikiwa zimenigomea kabisa. Kazi nyingine zote naanzia f/2.

Kwenye menyu ya kamera za mirolesi (zisizo na kioo ndani, kama hii yangu) tafuta kwanza ruhusa ya kupiga bila lenzi. Lenzi hii haizungumzi na kamera, na usipoiwasha ruhusa hiyo, kamera itakataa kupiga. Usikimbilie dukani kurudisha mzigo.

Halafu kuna ile rangi ambayo kamera inapaka kwenye skrini, kwenye kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi. Inasaidia, lakini usiiamini sana. Inachokifuata ni kingo zenye utofauti mkali, kwa hiyo gauni la shanga litawaka rangi mwili mzima huku macho yakiwa nje. Mimi rangi naitumia kufika jirani, kisha nabonyeza kitufe cha kukuza, natazama kope. Kope zikionekana moja moja, napiga.

Jambo lililonichukua muda kulijua: ukishapata fokasi, acha pete ya fokasi. Mtu akisogea kidogo, sogea wewe na kiwiliwili chako, mbele au nyuma, huku ukipiga picha tatu nne mfululizo. Ukianza kukimbizana naye kwa pete utakuwa unazungusha upande usio wenyewe nusu ya wakati. (Vidole vina ukaidi wao.)

Kwa mazoezi nenda Forodhani jioni, kama uko Unguja. Wauza mishikaki wanasimama mahali pamoja, taa ziko karibu na nyuso zao, moshi unapita. Omba ruhusa kwanza, nunua na mshikaki. Kama taa ni za LED na picha zinatoka na mistari ya giza, weka shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/100; umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde.

Mchana, watu wakiwa wanapita, usifokasi kabisa. Weka f/8, pete ya fokasi kwenye mita 5, na chochote kilicho kati ya mita 4 na 7 kitatoka vizuri.

Kwa kuwa lenzi haizungumzi na kamera, tundu ulilotumia hutalikuta kwenye taarifa za picha. Mimi kila nikilibadilisha naipiga picha pete ya tundu kwa simu.