Shangazi Anajibu: Nimeaga Mara Tatu, Bado Niko Mlangoni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Wenzangu wananicheka kwa jambo moja: kuondoka kwa watu kunanishinda. Juzi nilikuwa nyumbani kwa rafiki, tuko kama kumi hivi. Nikasema "basi, mimi niende" nikiwa nimekaa. Nikasimama, nikasema tena. Nimefika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, mwenyeji akakumbuka jambo. Tukasimama pale dakika ishirini. Mwenzetu mmoja yeye hupotea tu bila kuaga, na akishaondoka anasemwa. Je, wenyeji hutaka nibaki, au wanasubiri nitoke?
*Wa Mlangoni*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wanaokucheka nao huganda mlangoni, ila hawajihesabii dakika.

Mwaka 1973 wanasosholojia wawili wa Marekani, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walichapisha makala nzima juu ya namna watu wanavyofunga mazungumzo. Sehemu kubwa ya walichokichunguza ilikuwa maongezi ya simu yaliyorekodiwa. Waliona kwamba maongezi hayana breki: mmoja akimaliza, zamu inahamia kwa mwenzake, naye akimaliza inarudi. Ili yasimame lazima wawili wakubaliane, na makubaliano hayo huanza kwa neno tupu, lisilobeba habari yoyote. Wao walisikiliza Kiingereza. Sisi tuna "haya" na "basi". Ukisema "haya" umeacha zamu yako ipite, na papo hapo umempa mwenzako nafasi ya mwisho: kama kuna jambo hujalisema, litoe sasa. Naye akijibu "haya", njia nyeupe, mnaagana. Akilitoa, mnaanza upya.

Kwa hiyo mwenyeji wako hakukuzuia kwa hila. Wewe ulimuuliza, akakujibu.

Majuzi nikiongea na mdogo wangu kwenye simu nilichukua kalamu nikaandika tunavyoagana. "Haya." "Haya." "Haya basi." "Sawa, wasalimie." "Wamesikia." "Haya, tutaongea." Kimya kidogo. "Ee, halafu nilitaka kukuuliza..." Robo saa nyingine ikapita. Na aliyeuliza ni mimi.

Sasa lile la kutaka ubaki au utoke. Mwaka 2021 mwanasaikolojia Adam Mastroianni na wenzake walitoa utafiti wa mazungumzo 932, ambamo kila mtu aliulizwa ni wakati gani alitamani maongezi yake yaishe. Karibu hakuna yaliyoisha pale ambapo wote wawili walitaka. Urefu uliotakiwa na urefu halisi vilipishana, kwa wastani, kwa kama nusu ya maongezi yenyewe. Usidhani wote walikuwa wamechoka. Wapo waliotamani yaendelee. Kumbashiri mwenzako kuliwashinda, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaficha anachotaka ili asimuudhi mwingine.

Basi acha kumsoma mwenyeji usoni, maana uso wake umepangwa kama ulivyoupanga wako. Erving Goffman, mwanasosholojia Mkanada aliyefanya utafiti katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, kati ya 1949 na 1951, anasimulia jambo ninalolipenda sana. Ndani ya nyumba za kule mlikuwa na giza kidogo na nje hakukuwa na cha kuziba macho, kwa hiyo wenyeji waliweza kumwona jirani akija kabla yeye hajawaona. Walikuwa wakifurahia kumtazama akivua uso aliotoka nao njiani na kuvaa tabasamu la ugeni, hatua chache tu kabla ya mlango. Na wageni wengine, kwa kuwa walilijua hilo, walianza kutabasamu wakiwa bado mbali!

Huyo mwenzenu anayepotea nadhani Goffman angemwelewa, ila asingemtetea. Kwa Goffman, uchangamfu wa kuagana ni fidia: uhusiano uko karibu kudhurika kwa kutengana, basi unalipwa mapema. Mwenzenu anaondoka hajalipa, ndiyo maana anasemwa.

Lakini huna deni kwa wote kumi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, na wenzake waliwahi kuhesabu makundi ya watu wanaoongea kwa hiari yao, wakaona kwamba maongezi mamoja hubeba watu kama wanne, wakizidi, hugawanyika. Chumba chenu kilikuwa na maongezi mawili au matatu. Waage wale ulionao na mwenyeji, basi. Na usiage ukiwa umekaa. Litoe wewe kwanza lile jambo lako la mwisho, muulize mwenyeji kama naye analo, tajeni siku ya kuonana tena, ndipo usimame. Dakika ishirini zako zitakuwa zimetumika mkiwa kwenye viti.

SWALI: Shangazi, kwa nini watu tukiingia kwenye lifti wote tunatazama namba za ghorofa? Tunaogopana?

JIBU: Hapana, mnaheshimiana. Ni Goffman tena, mwaka 1963: watu wasiojuana hutupiana jicho mara moja, kuonyesha kwamba nimekuona na sina shari nawe, kisha huondoa macho ili mwingine asijione anachunguzwa. Barabarani macho yana pa kwenda. Kwenye lifti hayana, ila zile namba. Siku namba hizo zikiharibika utaona kila mtu anavyotoa simu mfukoni, hata iliyozimika chaji.