Fairlady Z, 240Z, 240ZG: soma chesisi kwanza, pua baadaye

Mkuu, umeuliza kama ile Fairlady Z, gari ya michezo ya Nissan, yenye pua ndefu uliyoiona kwenye mnada wa Japani ni 240ZG halali, au ni Fairlady ya injini ndogo iliyovalishwa pua hiyo. Nimezifanyia kazi Z gerejini miaka mingi, zilizoletwa kutoka Japani na zilizobaki huku kwetu tangu enzi zake, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Bodi ya zote ni ile ile. Kiwandani inaitwa S30, ilitoka mwishoni mwa 1969, na kilichozigawa ni soko. Japani enzi hizo, injini ikivuka cc 2000 kodi ilikuwa inapaa, ndiyo maana Fairlady Z ya kawaida ilipewa injini ya L20 ya cc 1998, silinda sita za mstari. Marekani ikapelekewa L24 ya cc 2393, na Yutaka Katayama, bosi wa Nissan kule, alilikataa jina la Fairlady. Gari ikauzwa kama Datsun 240Z, Datsun ikiwa jina la Nissan katika masoko ya nje. L24 hiyo hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally huku kwetu, 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ndiyo maana huku ukisema Z mtu anasikia 240Z, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa fungua boneti. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Ikianza na S30 peke yake, gari ilizaliwa na injini ya lita 2, hata kama leo ina beji ya 240Z kila kona. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, iwe ya Japani, Uingereza au Australia. HLS30 ni ya usukani wa kushoto. PS30 ni Z432, na ukikutana nayo nipigie simu hata usiku wa manane: ina injini ya S20 ya Skyline GT-R ya kwanza, valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kamshafti mbili. Jina lake ni hesabu hiyo tu. Zilitengenezwa mia nne na ushee.

Injini usiiamini iwe ushahidi. Fairlady nyingi za Japani zilishawekewa L28, injini ya lita 2.8 ya ukoo huo huo, kwa sababu inakaa pale pale bila vita, na kwa barabara zetu ni mabadiliko mazuri. Ila bei iwe ya Fairlady iliyobadilishwa injini.

Tuje kwenye pua. 240ZG ilitoka 1971 kwa soko la Japani tu, ili Nissan iruhusiwe kushindana kwenye mbio ikiwa na umbo hilo. Pua iliongeza urefu kutoka milimita 4115 hadi 4305, taa zikafunikwa kwa plastiki angavu, na matao ya ziada juu ya matairi yakafungwa kwa ribiti, upana ukawa milimita 1690. Pua za kuiga ziko tele tangu zamani, na nyingine zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo pua haithibitishi kitu. Chesisi ya S30 yenye pua hiyo imevalishwa, hapo hakuna mjadala. Chesisi ya HS30 ndiyo ngumu, maana hata 240Z ya kawaida ya Japani inaibeba. Hapo dai makaratasi ya usajili ya Japani, na uangalie ndani ya tao la tairi kwa tochi. Gari moja iliyofika kwetu ikiitwa ZG ilikuwa na putty nene kama kidole nyuma ya ribiti, na chini yake ukingo wa chuma umekatwa kwa grenda, haujapakwa hata rangi ya kuzuia kutu. Kutu ilishapanda hadi kwenye sakafu ya buti.

Alama nyingine ninayoipenda: Japani wakati ule vioo vya pembeni vilikaa juu ya madigadi ya mbele. Pitisha vidole upande wa ndani wa madigadi. Ukigusa tundu lililozibwa, na muuzaji anakwambia gari ni ya Uingereza, muulize tena.

Za Marekani nazipitia haraka. Za mwanzo zina gia nne, wakati Uingereza walipata tano, na zina matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Baadaye yalihamia kwenye nguzo ya pembeni. 280Z ya 1975 hadi 1978 ni ya Amerika Kaskazini, ina L28 ya nozeli badala ya kabureta, na bampa nzito zilizotakiwa na sheria zao. Inaendesheka vizuri, ila mstari mwembamba wa mbele, uliomfanya mtu aipende Z, umezikwa chini ya hizo bampa. Kwa nini ununue Z halafu ukose sura yake?

Kwa pesa yangu, ningechukua Fairlady ya L20 yenye sakafu safi na pua yake fupi kuliko ZG ya kubandika. Mwombe muuzaji picha ya namba kwenye ule ukuta, ipigwe kwa karibu, na uiweke hapa tuisome pamoja kabla hujatoa bei.