Weka hiyo balbu chini kwanza

Mkuu, usifungue huo usukani bado. Najua spana umeshaitoa, najua fundi wako anakuja jioni, lakini weka hiyo balbu chini. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba honi imekufa, taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) haizimi, taa ya ABS, yaani breki za kuzuia tairi kujifunga, inatokea na kupotea, fyuzi ya soketi ya kuchajia simu imeungua mara tatu, na unataka ushauri wa betri. Halafu katikati ya hayo yote, kama vile si kitu, umepitisha sentensi moja: fundi amesema mtaing'oa eabegi, mtaipima kwa balbu, ikiwaka ni nzima, na betri hamuitoi ili gari lisipoteze kumbukumbu.

Hiyo sentensi ilinisimamisha. Ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno.

Gari langu lilikuwa na ugonjwa huo huo wako: honi kimya, taa ya eabegi inawaka asubuhi hadi usiku. Nikampigia fundi umeme niliyekuwa namwamini. Alishanitengenezea stata, akanitengenezea altaneta, zote zikapona, kwa hiyo kichwani mwangu alikuwa bingwa wa chochote chenye waya. Siku hiyo alikuwa na kazi kwingine, akasema mambo madogo hayo, nitakuelekeza kwa simu. Mambo madogo.

Akaniambia nijitengenezee taa ya kupimia. Mnaoijua mnaijua: balbu ya indiketa ya wati 21, nyaya mbili, na kibanio mwishoni. Kwa kutafuta umeme kwenye waya wa taa za nyuma ni chombo kizuri, sina ugomvi nacho. Nikamuuliza, betri nitoe? Akacheka. "Ukitoa betri kompyuta inasahau kila kitu, utanitafuta tena." Nikaona kweli, nani anataka gari lisahau.

Nikalegeza skrubu za nyuma ya usukani, eabegi ikatoka. Nikachomoa soketi yake ya njano. Nikailaza kwenye kiti cha dereva, uso chini, ili kifuniko kisichubuke. Shika hapo, uso chini. Nilikuwa najali sana kifuniko.

Halafu nikavuta umeme kutoka kwenye chanya ya betri, nikaupitisha kwenye balbu, kutoka kwenye balbu hadi mguu mmoja wa eabegi, na mguu wa pili nikaugusisha kwenye bodi ya gari.

Balbu iliwaka. Eabegi ilikuwa nzima. Ilikuwa.

Siwezi kukueleza ule mshindo. Si kama tairi kupasuka, ingawa jirani alikuja mbio akidhani ni tairi. Kwa kuwa uso ulikuwa umeelekea kitini, mfuko ulipofumuka ulisukuma kiti, na kile chuma cha nyuma, kizito kama kilo moja, kikaruka juu kama kimepigwa teke. Kikagonga dari, kikarudi, kikapasua kioo cha mbele. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, mikono tu ndiyo iliyokuwa ndani. Ningekuwa nimeinamia pale kuangalia kama miguu ya soketi imekaa vizuri, jambo nililofanya sekunde tano kabla, huu uzi ungejibiwa na mtu mwingine. Kiganja kiliungua kidogo, kifundo cha mkono kikachubuka, sikio la kulia likalia siku tatu. Gari lote likajaa vumbi jeupe. Sikulia. Macho yalitoka machozi kwa sababu ya vumbi, na atakayesema vingine hakuwepo.

Simu ilikuwa bado iko hewani, nimeiweka juu ya dashibodi kwa spika. Sauti ya fundi ikatoka mle kwenye vumbi: "Vipi, imewaka?"

Mpaka leo sijajua jibu sahihi la swali hilo.

Sasa sikiliza kwa nini, kwa sababu mimi nilielezwa baada ya kulipa. Ndani ya eabegi hakuna pampu wala upepo uliokaa ukisubiri. Kuna baruti na kiwashio kidogo, waya mwembamba wenye ukinzani wa kama omu mbili hivi. Ukipitisha ampea moja na ushei, hata kwa kitambo kisichofikia kupepesa jicho, waya unapata moto, baruti inashika, gesi inajaza mfuko kwa takriban milisekunde 30. Sasa chukua balbu ya wati 21, gawanya kwa volti 12. Unapata ampea 1.75. Yaani ile taa yangu ya kupimia haikuwa ya kupimia chochote. Nilikuwa nimetengeneza kiberiti kwa mikono yangu, nikakiwasha, nikashangaa moto.

Usiseme basi nitatumia multimita, kile kipimo cha umeme. Ndiyo, umeme wake kwenye kipimo cha omu ni mdogo sana ukilinganisha na balbu, lakini watengenezaji wa magari wanakataza hata hiyo kwenye eabegi, na mafundi wenye akili huchomeka kipande cha ukinzani mahali pa eabegi, kisha wanasoma kwa mashine kama taarifa ya kosa imebadilika. Eabegi yenyewe haipimwi. Ama unaamini mashine, ama unaibadilisha.

Na yule bwana wa simu? Nilipomfuata akaniambia kosa ni langu, nilitumia balbu kubwa, yeye huwa anatumia ndogo. HUWA ANATUMIA. Kwa hiyo kuna magari huko barabarani ameyapima hivyo yakanyamaza kwa bahati, na kila lililonyamaza lilimwongezea ujasiri. Hakulipia hata skrubu. Nilichomkasirikia zaidi ni kile kicheko alipocheka nilipouliza kuhusu betri, maana hapo ndipo nilipokuwa na akili kwa mara ya mwisho siku ile.

Kanuni yangu sasa ni moja, na nitairudia hadi unichoke: waya wa njano hauguswi kabla hasi ya betri haijatoka na muda haujapita. Soketi na nyaya za njano ndizo za mifumo ya eabegi kwenye magari mengi, wameziweka rangi hiyo makusudi ili mtu kama mimi ashtuke. Chukua spana namba 10, toa waya wa hasi, uufunge na kitambaa usirudi wenyewe, kisha kaa. Kiboksi cha eabegi, ile kompyuta yake ndogo, kina hifadhi yake ndogo ya umeme ndani, ili gari likigongwa na betri ikasagwa, mifuko bado ifumuke. Hiyo hifadhi inahitaji muda kuisha. Vitabu vya magari vinatofautiana: kimoja kinasema dakika moja, kingine tatu, kingine kumi. Mimi nasubiri robo saa, na sioni aibu. Ningetoa hasi siku ile, hata ujinga wangu wa balbu usingekuwa na umeme wa kuutumia.

Kumbukumbu ya gari, ndiyo, utapoteza kidogo. Saa itarudi mwanzo, stesheni za redio zitapotea, redio nyingine zitadai namba ya siri kwa hiyo itafute kabla, vioo vya kupanda vyenyewe vinaweza kuhitaji kufundishwa upya, na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inaweza kuyumba dakika chache. Ndiyo hasara yote. Kuna wajanja wataleta kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kuchajia ili kulinda kumbukumbu betri ikitolewa. Kwa kubadilisha betri sawa. Kwa kazi ya eabegi hapana, maana unatoa betri kwa mkono huu halafu unaurudisha umeme kwa mkono ule.

Na ikishatoka, eabegi hubebwa uso ukiangalia mbali na mwili wako, na hulazwa uso juu, mahali pasipo na kitu juu yake. Ikifumuka mfuko uende hewani, usigeuke roketi. Kifuniko kikichubuka, kichubuke.

Sasa kinachoniuma kuliko kioo: eabegi haikuwa na shida yoyote. Tatizo lilikuwa koili ya usukani, kile kisahani cha plastiki chini ya usukani chenye utepe wa nyaya uliozungushwa ndani, unaojikunja na kujikunjua unapokata kona. Umeme wa honi unapita hapo. Umeme wa eabegi ya dereva unapita hapo hapo. Utepe ukikatika, honi inakufa na taa ya eabegi inawaka. Soma tena dalili zako, mkuu. Zikitokea pamoja hivyo, mshukiwa wa kwanza ni koili, na mashine ya kusoma makosa ingekwambia kwa dakika mbili kwamba njia ya eabegi ya dereva imekatika. Mimi niliua kitu cha bei kubwa kutafuta ugonjwa wa kitu cha bei ndogo.

Wala sikuishia hapo. Koili mpya ilikuja na kipini cha kuizuia isizunguke. Nikakitoa nione inavyofanya kazi, nikaizungusha zungusha kama mtoto, nikaifunga. Honi ikalia, nikafurahi. Nilipokata usukani hadi mwisho kugeuza gari, nikasikia "tak". Utepe ulikuwa umeshamalizika upande mmoja kabla hata sijaanza safari. Kwa hiyo ndiyo, niliua koili mbili, ya pili ikiwa na umri wa dakika ishirini. Weka matairi ya mbele yanyooke kabla hujafungua usukani, usitoe kile kipini hadi koili imekaa mahali pake, na kama kimeshatoka, izungushe taratibu hadi mwisho wa upande mmoja bila kulazimisha, kisha irudishe katikati kwa idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kisahani chenyewe au kwenye kitabu cha gari.

Ukimaliza, betri inarudi mwisho kabisa, na mtu yeyote asikae ndani unapoirudisha. Washa swichi ukiwa umesimama pembeni, mkono tu ndani. Taa ya eabegi itawaka sekunde chache ijikague, kisha itazima yenyewe. Isipozima, kosa la zamani huenda bado limehifadhiwa, lifutwe kwa mashine.

Lifutwe kwa mashine, nasema. Maana umeandika pia kwamba fundi wako ana njia mbadala, ataunganisha taa ya eabegi na taa ya oili ili zizime pamoja. Huyo mfukuze. Taa hiyo ikiwa inawaka, kwenye magari mengi maana yake kiboksi kimejitoa kazini, na ukigonga kitu hakuna kinachofumuka. Kuifunga na taa ya oili hakurudishi eabegi, kunakuondolea tu habari. Na wewe mwenyewe unayetaka kununua gari la mkononi siku moja, washa swichi bila kuwasha injini uangalie: taa ya eabegi ikibaki inawaka sambamba na ya oili, kisha zote zizime kwa pamoja injini inapowaka, kuna mtu alipita hapo kabla yako. Ikiwa haiwaki kabisa, mbaya zaidi, balbu imeng'olewa. Mimi eabegi yangu ya pili nilikaribia kuuziwa mtumba na jamaa aliyeitikisa karibu na sikio langu kuthibitisha kwamba ni nzima. Sikio lile lile lililokuwa bado linalia. Niliondoka bila kuaga.

Fyuzi: kama imeandikwa 15, ya bluu, usiweke 30 ya kijani kwa sababu ya 15 inaungua. Fyuzi inalinda waya, na waya wa 15 ukiuwekea 30, waya ndio unageuka fyuzi, ndani ya dashibodi, mahali usipoona moshi unapoanzia. Mara tatu maana yake huenda kuna shoti. Angalia ndani ya hiyo soketi kama kuna sarafu au kipande cha chuma kilichoingia. Sicheki, hutokea.

Taa ya ABS inayotokea na kupotea, hiyo sitaigusa leo. Ila kabla sijasahau, viti. Ukitaka kung'oa viti vya mbele kusafisha, chini yake kuna soketi za njano pia, za eabegi ya ubavuni na za kikaza mkanda, na kikaza mkanda nacho kina baruti. Kanuni ni ile ile, hasi kwanza, robo saa, ndipo uchomoe. Ukichomoa na mtu akawasha swichi kusikiliza redio huku kiti kiko nje, taa itawaka na huenda isizime hata ukirudisha kila kitu, hadi ipigwe mashine. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuhusu usukani, nikadhani viti ni suala jingine. Shemeji yangu ndiye aliyewasha redio, lakini nimemsamehe.

Betri wengine watakushauri, mimi huwa nanunua yenye ukubwa ule ule iliyotoka na gari na maisha yanaendelea.

Fanya hivi: leo jioni akija, toa hasi mwenyewe kabla hajafungua boksi lake la vifaa, ufunguo wa gari uweke mfukoni mwako, uhesabu robo saa mbele yake. Akicheka, mwache acheke. Mkishafungua, soma namba iliyo nyuma ya koili ya zamani kabla hujaagiza mpya, zinafanana sana kwa sura na soketi zake zinatofautiana. Na ile balbu mwambie airudishe kwenye indiketa alikoitoa.